Sura ya Nne: Kizimba Kitupu

Kizimba kilikaa mezani siku 12 bila panya. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule binti yangu alikikagua kama muuguzi anayepita wodini. Alitazama chupa ya maji kama imevuja, akazungusha gurudumu kwa kidole asikie kama linalia, akabonyeza kifuniko kona baada ya kona. Jioni akirudi alianza upya. Ana miaka 9, na kwa umri huo siku 12 ni ndefu kama masika. Aliniuliza mara moja tu: "Mama, kwani hawawezi kuja kwanza, halafu tukarekebisha wakiwa humo humo?" Nikamwambia hapana. Sura hii yote ni maelezo ya hapana ile.

Panya ninaowazungumzia ni wale wadogo, ambao wataalamu huwaita Mus musculus. Kiswahili kinamwita panya kila mmoja wao, kuanzia huyu mdogo hadi yule mkubwa wa mitaroni, na hapo ndipo mtu anapoweza kukosea mapema, maana kizimba kilichotengenezwa kwa ajili ya panya mkubwa ni mlango wazi kwa mdogo. Mdogo akikomaa ana gramu 20 hadi 40. Aliyenenepa hasa hazidi yai la kuku wa kienyeji. Maisha yake ni mwaka mmoja na nusu, miaka 2, akijaliwa zaidi kidogo. Piga hesabu basi: katika miaka 2 mna wiki 104. Wiki moja ya kukaa mahali pabaya, wakati mnahangaika kutafuta chupa isiyovuja, ni sawa na kumkalisha hivyo kwa miezi 8 binadamu atakayeishi miaka 70.

Tena panya hasemi. Ni windo la kila mtu: paka, bundi, nyoka, mwewe. Windo likionyesha unyonge huliwa, kwa hiyo panya anayeumwa hujikaza mpaka siku ya mwisho. Ukija kugundua kwamba maranda yanamwasha kifua, mara nyingi umechelewa. Makosa ya mwenyeji huyalipa mgeni kwa mwili wake. Ndiyo maana kazi karibu yote ya kufuga panya hufanywa kabla hawajafika.

Nilimpigia simu mama yangu, Tanga, kumpa habari. Sisi tunaishi Leicester, Uingereza, mwaka wa saba sasa.

"Panya? Mmewatega au mnawafuga?"

"Tunawafuga, mama."

Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, sisi huku mahindi tunapandisha darini na bado wanayafuata."

Sikumbishia. Kwetu panya ni mwizi wa ghala na mtoboa magunia, na watu wa Lushoto wana kumbukumbu nzito zaidi, maana milima ile ilipigwa na tauni mara kwa mara miaka ya 1980 na 1990. Mtu aliyekulia mkoa ule haambiwi kwamba panya ni kiumbe mzuri akakubali hivi hivi. Nami sikutaka binti yangu aichukulie hofu ya bibi yake kuwa ni ujinga. Nilimweleza kwamba panya wa porini na wa dari hawafugwi, hawakamatwi kuletwa ndani, na vyakula vya wanyama wetu hufungwa kwenye ndoo yenye kifuniko ili wale wa nje wasinuse njia. Wa nje huleta utitiri na magonjwa kwa wa ndani pia.

Kilichomlainisha mama ni Magawa. Huyo alikuwa panya buku, jamii nyingine kabisa yenye vifuko mashavuni, aliyezaliwa mwaka 2013 katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, akafunzwa na shirika la APOPO kunusa mabomu ya kutegwa ardhini, kisha akapelekwa Kambodia. Mwaka 2020 shirika la Uingereza la kutibu wanyama, PDSA, lilimvisha nishani ya dhahabu, panya wa kwanza kuipata. Mama alikumbuka kuisikia habari hiyo. "Yule wa Morogoro?" akauliza. "Kumbe wanafundishika." Walimu wa Morogoro huanza kumshika panya angali mchanga, kwa upole na kwa mazoea, na akifanya vizuri hupewa ndizi au karanga. Hakuna siri nyingine, na nyumbani kwetu tumefuata njia hiyo hiyo.

Hawa wadogo nao wana historia yao, na inafaa kuijua kwa sababu inaeleza kwa nini wanakubali mkono wa mtu. Japani kilichapishwa kitabu kidogo mwaka 1787, Chingan Sodategusa, kinachoelekeza namna ya kuzalisha panya wa rangi mbalimbali. Uingereza, Walter Maxey na wenzake walianzisha chama cha wafugaji, National Mouse Club, mwaka 1895, na mpaka leo panya hushindanishwa kwa rangi, kwa ukubwa wa masikio na kwa urefu wa mkia. Ninayempenda zaidi katika habari hizi ni Abbie Lathrop, mwalimu wa zamani wa Granby, Massachusetts. Alijaribu kufuga kuku, haikumlipa. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 akaanza na jozi moja ya panya awauzie watu wa kufuga majumbani, na shamba lake likaja kuwa na panya zaidi ya 10,000. Watoto wa jirani aliwalipa senti chache wamsaidie kusafisha masanduku, na kila uzao aliuandika daftarini. Maabara zikaanza kununua kwake. Alipoona panya wake wengine wana uvimbe wa ajabu kwenye ngozi, hakuwatupa. Aliwapelekea wanasayansi, ikabainika ni saratani, akafanya nao utafiti na kuandika pamoja na daktari Leo Loeb. Mojawapo ya koo za panya zinazotumika zaidi maabara duniani leo ilianzia kwa jike wake mmoja, wa namba 57. Mwalimu wa kijijini aliyekuwa akiwatazama panya wake kwa makini aliona jambo ambalo wengi wangelipita. Nilimsimulia binti yangu habari hii, na siku ya pili akaja na daftari.

Kitu cha kwanza alichoandika humo ni "penseli".

Kizimba cha kwanza tulichonunua kilikuwa kizuri kwa macho: ghorofa tatu, ngazi za rangi, vyuma vinavyong'aa. Muuzaji alituhakikishia ni cha panya. Tulipofika nyumbani nikachukua penseli ya kawaida ya shule na kuisukuma kati ya chuma na chuma. Ikapita bila kugusa upande. Panapopita penseli, panya mchanga anapita, maana kichwa kikipenya kiwiliwili hufuata. Nafasi isizidi milimita 6 au 7. Ghorofa za kizimba kile nazo zilikuwa za waya mtupu, na waya huumiza nyayo ambazo ni nyembamba kuliko ukucha wa kidole chako kidogo. Tukakirudisha siku hiyo hiyo. Tulichokichukua badala yake hakina mvuto wowote: sanduku pana la sentimita 80 kwa 50, sakafu nzima, juu wavu mwembamba unaopitisha hewa. Upana una faida kuliko kimo, kwa sababu panya huanguka, na kwa sababu sakafu pana inabeba matandiko mengi.

Hapo kwenye matandiko usifanye haraka. Maduka mengi huuza maranda ya msonobari na mwerezi kwa sababu yananukia vizuri puani mwetu. Harufu hiyo ndiyo ubaya wake. Mafuta ya miti hiyo huwasha njia ya hewa, na panya anaishi pua yake ikiwa ndani ya maranda usiku na mchana. Tulichagua matandiko ya karatasi yasiyo na vumbi, tukayajaza kimo cha kiganja kizima, ili wachimbe. Panya asiyechimba ni kama mtu aliyefungwa mikono. Juu yake tukaongeza majani makavu kidogo na karatasi laini ya kujifutia ya kuchanwa, isiyo na manukato, wajengee kiota.

Mama, ambaye kufikia wiki ya pili alikuwa akipiga simu mwenyewe kuuliza maendeleo, alitoa wazo la kitanga: "Wawekee katani, ndege wote hujengea." Ilinibidi nimkatalie kwa adabu. Nyuzi ndefu, ziwe za katani, za sufu au zile pamba za kuvutika wanazouza zimefungwa kwa plastiki kama matandiko ya wanyama wadogo, hujizungusha mguuni. Panya akivuta, uzi hukaza, damu ikakosa njia. Karatasi hukatika, na hilo ndilo tunalolitaka.

Gurudumu nalo lina maneno yake. Wengi humtazama panya anapokimbia humo wakamhurumia, wakidhani ni wazimu wa kifungo. Mwaka 2014 Johanna Meijer na Yuri Robbers wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walieleza jaribio zuri sana: waliweka magurudumu nje, moja bustanini na jingine kwenye matuta ya mchanga, bila kumfungia kiumbe yeyote. Panya wa porini walikuja wenyewe, wakapanda, wakakimbia, wakashuka, wakaenda zao, kisha wakarudi. Hata vyura na konokono walionekana humo. Panya hupenda kukimbia, basi. La kuangalia ni kwamba njia ya gurudumu iwe bamba zima, si vijiti vinavyoweza kunasa mkia, na liwe pana kiasi cha panya kukimbia mgongo ukiwa umenyooka. Letu lina kipenyo cha sentimita 20. Likilia, utajua saa 8 usiku. Ndiyo maana binti yangu alilizungusha kila siku, na siku ya nne likaanza kulia kweli, tukalibadilisha.

Mahali pa kuweka kizimba tulihama mara mbili. Mwanzo tulikiweka karibu na televisheni, tukikusudia wawe nasi jioni. Sikio letu hufika kilohezi 20. La panya huvuka 80. Vifaa vya umeme hutoa milio tusiyoisikia kabisa, ambayo kwake inaweza kuwa kelele isiyokoma. Tukahamia dirishani, nikakumbuka jua la asubuhi linavyopiga kioo pale wakati wa kiangazi. Mwisho tukatulia kona ya chumba cha kulia, penye ukuta pande mbili, mbali na jiko, mbali na bomba la kupashia nyumba joto, juu ya meza ambayo paka wa jirani hawezi kuiona kutoka bustanini.

Kuhusu chakula nitasema kwa kifupi. Panya mmoja hula gramu 3 hadi 5 kwa siku. Mchanganyiko wa nafaka na mbegu ni mzuri, ila panya huchagua mbegu za mafuta na kuacha zenye faida, kwa hiyo kiwepo pia chakula cha punje kilichosagwa na kushindiliwa pamoja, kisichochagulika. Kitawanye kwenye matandiko wakitafute. Kipande cha tango au karoti, sawa. Chokoleti na vitunguu, kamwe. Meno yao ya mbele hayaachi kukua, hivyo wape mti safi wa kutafuna.

Swali la mama lililonifanya nikae chini nifikiri lilikuwa la twahara. "Na kuswali je?" Panya hutoa vitone vya mkojo anapotembea; ndivyo anavyoandika njia yake. Atakutembelea mkononi na begani na kuacha alama. Tukaweka utaratibu: ipo kanga moja, iliyochakaa, inaitwa kanga ya panya. Anayewashika huivaa juu ya nguo zake, akimaliza huivua pale pale, anaosha mikono hadi viwiko kwa sabuni. Mswala hauingii chumba kile. Baadaye niligundua kwamba utaratibu huo unatukinga na jambo jingine, kwa maana protini za mkojo wa panya huwaletea baadhi ya watu mzio na hata pumu. Kama nyumbani yupo mwenye pumu, mpeleke kwanza akae saa moja au mbili kwa mtu anayewafuga, zaidi ya mara moja, kabla hujanunua chochote. Na kama yupo mjamzito, subirini. Kuna kirusi ambacho panya hubeba bila kuumwa na ambacho kinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Watoto wasiofika miaka 5 wawatazame kwa macho tu.

Sasa, wangapi, na wa jinsia gani? Panya wa peke yake huzubaa. Madume wawili hupigana, mara nyingine mpaka kufa, na mkojo wao unanuka zaidi. Kwa anayeanza, majike ndiyo jibu, na wawe watatu badala ya wawili, kwa kuwa siku moja mmoja atatangulia, na atakayebaki asibaki na kuta.

Lakini hakikisha ni majike. Jirani yetu wa mtaa wa pili aliuziwa "majike wawili" dukani. Siku ya 19 aliamka akakuta viumbe 9 vyekundu visivyo na manyoya. Mmoja wa wale majike alikuwa dume. Mimba ya panya huchukua siku 19 hadi 21, na jike huweza kupata mimba nyingine ndani ya saa 24 baada ya kuzaa, kwa hiyo kabla jirani hajamaliza kushangaa, uzao wa pili ulikuwa tayari njiani. Hapo walikuwa 11 bila kuhesabu wa tumboni. Watoto nao hukomaa wakiwa na wiki 5 au 6 hivi, na hawajui undugu. Alikuja kwetu na daftari lake la hesabu akiwa karibu kulia, na nilimwonea huruma kweli. Usimtegemee muuzaji. Mwombe amwinue panya, utazame mwenyewe: jike ana safu mbili za chuchu tumboni, dume hana kabisa; na kwa jike umbali kati ya matundu mawili ya nyuma ni mfupi, kwa dume ni karibu mara mbili. Mlinganishe huyu na yule. Na hata ukiwapata majike watupu, uliza walikaa na nani mwezi uliopita.

Uingereza na Wales sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006 hairuhusu mtoto aliye chini ya miaka 16 kuuziwa mnyama. Nilimsomea binti yangu kifungu hicho, akauliza maana yake. Maana yake, nilimwambia, ni kwamba panya ni wangu. Wewe ukichoka, mimi sichoki. Mzazi asiyeweza kulisema hilo kwa moyo mmoja asinunue.

Tuliwapata kwenye kituo cha wanyama walioachwa: ndugu watatu wa kike wa wiki 9, wawili rangi ya kahawia na mmoja mweupe mwenye doa sikioni. Kabla ya siku hiyo nilishapiga simu kwa madaktari wa wanyama wanne nikiuliza swali moja, kama wanatibu panya. Wawili walisema hapana. Namba ya mmoja wa waliosema ndiyo imebandikwa ukutani juu ya kizimba, pamoja na dalili za kutazama: manyoya kusimama, mgongo kujikunja, pumzi yenye mlio.

Tuliwabeba katika sanduku dogo la plastiki lenye matundu, si boksi la karatasi, maana lile hulitoboa kabla basi halijafika. Hatukuweka chupa ya maji, ingewamwagikia. Tuliweka kipande cha tango. Nilimwomba pia mhudumu kiganja kimoja cha matandiko yao ya zamani, yaliyochafuka. Alitabasamu kama mtu aliyezoea kuombwa. Kizimba kipya kikiwa hakina harufu yao hata kidogo, ni nchi ya ugeni. Harufu ya kiota chao huwatuliza. Kwa sababu hiyo hiyo, tunaposafisha hatuondoi vyote kwa pamoja. Kona ya mkojo hutolewa mara kwa mara, kiota hubaki.

Ndani ya kizimba, mbele ya mlango, binti yangu alikuwa ameweka kigogo kitupu cha karatasi ya chooni. Wazo hilo lilitoka Liverpool. Mwaka 2010 Jane Hurst na Rebecca West wa Chuo Kikuu cha Liverpool walionyesha kwamba panya anayeinuliwa kwa mkia hubaki na hofu ya mkono wa mtu, ila anayeachwa aingie mwenyewe ndani ya bomba kisha akainuliwa nalo, au anayekusanywa kwa viganja viwili vilivyounganishwa, huurudia mkono kwa hiari. Kwa miaka mingi maabara kote duniani ziliwashika kwa mkia. Binti yangu alijifunza kwa kuhamisha limau dogo kwa kigogo, kutoka kona hadi kona, bila kulidondosha.

Jioni ile hakuwagusa. Tulifungua sanduku ndani ya kizimba, tukarudi nyuma, tukazima taa kubwa. Wa kwanza kutoka alikuwa mweupe. Alitoa sharubu, zikatetemeka, zikarudi ndani. Zikatoka tena. Kisha alipita mbio ukutani hadi kwenye kiota cha karatasi, akazama, na wenzake wakamfuata mmoja baada ya mwingine kama waliofungwa kamba. Hatukuona kitu kingine. Binti yangu alikaa sakafuni dakika 20 akisikiliza karatasi ikichanwa, kanga ya panya ikiwa mapajani, haijavaliwa.

Siku ile ya kwanza ya kizimba kitupu alikuwa amechora mstari kwa kalamu kwenye chupa, usawa wa maji, ili ajue kama inavuja. Kwa siku 12 maji hayakuwahi kushuka chini ya mstari. Asubuhi iliyofuata alishuka ngazi kabla yangu, bila viatu. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya meza, kidole kwenye kioo cha chupa, akipima pengo jembamba kati ya mstari na maji, kisha akafungua daftari na kuandika tarehe.